Kombe la Unyenyekevu

Shule niliyofundisha iko kando ya barabara ya kwenda Mukumu. Ukiingia langoni, kabla hujaona darasa hata moja, unakutana na ukuta wa maadili. Mchoraji alikuwa mtu wa kwetu, na brashi yake ilifuata ulimi wake: AMANI, UKWELI, HESHIMA, UNYENYEKEVU, HULUMA. Sista, mwalimu mkuu wetu, aliliona kosa rangi ilipokwisha kukauka, akasema litarekebishwa wakati wa likizo. Likizo zikaja zikapita. Watoto wa madarasa ya chini wakawa wanaandika "huluma" kwenye mitihani, nami, kwa kuwa ndimi mwalimu wa Kiswahili, nikawa nawakata alama kwa kosa walilofundishwa na ukuta wa shule.

Sista hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mwenye hatua za haraka, na alipenda semina kama wengine wanavyopenda nyama. Kila akirudi kutoka semina tulijua kuna jambo limekuja naye. Muhula ule alirudi na mpango wa kuyaishi maadili. Haitoshi kuyaandika, alituambia katika chumba cha walimu, lazima yaonekane. Kila muhula tutachagua adili moja, na mtoto atakayeliishi kuliko wenzake atapewa kombe mbele ya wazazi na mgeni rasmi.

"Tutaanza na unyenyekevu," alisema.

Nikauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anaweza kushinda mashindano ya unyenyekevu na bado akabaki mnyenyekevu.

Deputi akanigeukia. Huyu alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, mwanamume nadhifu, suruali ina mkunjo unaoweza kukata nyanya, ndiye msimamizi wa nidhamu. "Mwalimu," akaniambia, "tatizo lako ni kwamba hutaki wengine wafaulu." Kisha akapendekeza kombe la unyenyekevu liwe kubwa kuliko la kandanda, ili watoto waone uzito wake. Pendekezo likapita kwa makofi. Kwa kuwa nilikuwa nimeuliza swali, nikateuliwa katibu wa kamati.

Kombe lilipoletwa kutoka mjini liliwekwa kwenye meza nje ya ofisi ya Sista. Liling'aa mno. Lilikuwa na masikio mawili kama ya sungura aliyeshtuka, na juu ya kifuniko chake alisimama malaika wa plastiki akiinua mkono kama mwanasiasa. Watoto walilizunguka wakati wa mapumziko, na kuanzia siku hiyo shule yetu iliingiwa na unyenyekevu kama ugonjwa wa macho mekundu.

Wa kwanza kuumia alikuwa mpishi. Saa ya chakula foleni haikusonga. Mtoto aliyekuwa mbele alijitoa akaenda nyuma, ili aonekane. Aliyemfuata naye akajitoa. "Tangulia wewe." "La, wewe ni mkubwa kwangu, tangulia." "Mimi sistahili." Githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, ikapoa sufuriani huku foleni ikijizungusha kama ng'ombe wa kukamua miwa, na wadogo wakaanza kulia kwa njaa. Mpishi, mama mnene asiye na simile, akagonga sufuria kwa mwiko.

"Nyinyi watoto, mimi siyo altare! Leteni sahani!"

Darasani hali ilikuwa hiyohiyo. Nikiuliza swali, mikono yote ilibaki chini, maana anayejua anajisifu. Mvulana mmoja alianza kutembea akiwa ameinama hata akagonga mlingoti wa bendera. Mwingine alikataa kukaa kwenye dawati, akaketi sakafuni, na alipoona Deputi anapita dirishani akajisogeza ili aonekane vizuri zaidi.

Wazazi hawakuachwa nyuma. Katika kundi letu la WhatsApp zilianza kutumwa picha: mtoto akiosha miguu ya nyanya yake, mtoto akimpa mbwa ingokho, yaani kuku, iliyobaki. Baba mmoja, mtu mkubwa katika kaunti, alikuja mwenyewe na gari lililokuwa pana kuliko darasa la chekechea. Mwanawe alikuwa katika darasa langu la gredi ya sita. Aliniita nje, akasimama karibu sana.

"Mwalimu, nasikia kuna kombe."

"Lipo, mzee."

"Mwanangu ni mnyenyekevu. Hakuna mtoto hapa anaweza kumshinda kwa unyenyekevu. Na kama yuko, niletewe nimwone."

Nikamwambia kamati itaamua. Akacheka, akanipiga begani kidogo, akaondoka bila kusema kwaheri.

Katikati ya wazimu huo wote palikuwa na msichana mmoja ambaye hakufanya lolote. Alikuwa mgeni darasani mwangu. Aliletwa mwanzo wa muhula kutoka Navakholo, mama yake alipougua, akakabidhiwa kwa shangazi yake anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la mjini. Alikuwa mwembamba, macho makubwa, viatu vya kiume. Kule alikotoka, waliniambia baadaye, alikuwa ndiye anayeongoza nyimbo, anayesuluhisha ugomvi, anayeiga sauti ya kila mtu kijijini. Kwetu hakufungua mdomo.

Sababu yake niliijua kwa sababu niliishuhudia. Asubuhi yake ya kwanza alimkuta Deputi amesimama langoni. Akaweka mkoba chini kama mtoto aliyelelewa vizuri, akanyoosha mikono yote miwili, akasema kwa sauti safi, "Mulembe, mwalimu."

Mulembe ni amani. Hakuna mtu wa Kakamega asiyeijua salamu hiyo. Ni neno lilelile la kwanza kwenye ukuta uliokuwa nyuma ya mgongo wa Deputi, ila lilikuwa limesemwa katika lugha isiyofaa.

"Hapa siyo shambani," Deputi akamjibu, akatoa diski mfukoni.

Diski yetu ilikuwa kipande cha mbao cha mviringo chenye kamba, ukubwa wa kifuniko cha kopo. Mtoto akisikika anaongea lugha ya nyumbani, anavishwa. Akimsikia mwenzake anakosea, anamvisha yeye. Anayebaki nayo shingoni jioni anaosha vyoo. Viboko serikali ilikwisha kuvikataza, kwa hiyo tulikuwa tumepiga hatua. Zamani diski hiyo ilikuwa imeandikwa MIMI NI PUNDA. Sista alipokuja akasema maneno hayo si ya Kikristo, yakafutwa kwa randa, na kwa chuma cha moto likaandikwa neno moja lenye roho ya Injili: NISAMEHENI.

Siku ile msichana alivalishwa NISAMEHENI kwa kosa la kumtakia mwalimu amani. Jioni akaosha vyoo akiwa na sare mpya ambayo shangazi yake alikuwa ameipiga pasi. Tangu hapo akanyamaza. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, Kiswahili chake kilikwama kwa woga, na Kiluhya chake kilikuwa kosa. Akiulizwa, aliinamisha kichwa. Akisukumwa, alipisha. Foleni ya githeri ilipokwama, yeye alipita katikati ya wote waliokuwa wakirudi nyuma, akachukua chakula chake, akaenda kula. Huyo peke yake ndiye aliyefanya jambo la maana foleni ile nzima.

Kamati ilipokutana, majina yaliletwa mengi, kila mwalimu akilitetea darasa lake kwa sauti ya juu. Mwalimu wa gredi ya nne alisema mtoto wake amenyenyekea hata anaogopa kwenda haja. Karibu wapigane. Sista, akitafuta amani, akamkumbuka msichana wa Navakholo.

"Yule mtoto hajawahi kuinua macho mbele yangu," alisema. "Hajawahi kujibu. Ana moyo wa kitawa."

"Sista," nikasema, "yule mtoto hanyenyekei. Anaogopa."

"Tofauti iko wapi?" akauliza Deputi.

Nilieleza. Nilieleza habari za langoni, za mulembe, za vyoo. Nilisema mtoto anayeongoza nyimbo kijijini hawezi kuwa bubu mjini bila sababu. Sista alinisikiliza akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati.

"Basi hiyo ndiyo kazi ya diski," Deputi akamalizia. "Imemnyenyekeza. Mfumo unafanya kazi."

Wakapiga kura. Msichana akashinda. Nadhani kila mwalimu alimchagua kwa kuwa ni afadhali ashinde asiye wa mtu kuliko ashinde wa jirani.

Siku ya sherehe palikuwa na mahema, viti vya plastiki na spika zilizokuwa zikilia kama mbuzi. Mgeni rasmi alikuwa padre mzee anayesimamia shule za parokia kadhaa, mtu wa tumbo na kicheko, mzaliwa wa huku huku. Wazazi walijaa. Yule mtu mkubwa wa kaunti aliketi mbele kabisa na familia yake, kamera tayari. Hakuna aliyekuwa amemwambia matokeo. Shangazi wa msichana alikuja akiwa amefunga leso safi, akasimama nyuma ya hema karibu na mlango wa jikoni.

Nilipomtazama msichana kwenye mstari wa darasa lake nilishtuka. Diski ilikuwa shingoni mwake, imefichwa chini ya sweta, kamba ikionekana kidogo kwenye kola. Alikuwa amevalishwa juzi yake na mwenzake aliyetaka tu kuitua, na katika pilikapilika za maandalizi hakuna aliyekumbuka kuichukua. Wenzake waliniambia baadaye jambo ambalo sisi wenye ukuta hatukulijua: diski ikimfikia yeye, haikuondoka. Aliwasikia watoto wakiongea Kiluhya nyuma ya madarasa kila siku, na hakumvisha mtu. Alijua jioni ataosha vyoo, akaviosha.

Padre akapewa kipaza sauti. Akakohoa, akaangalia umati, uso ukafunguka.

"Mulembe!" akanguruma.

"Mulembe muno!" umati wote ukaitikia. Wazazi, walimu, watoto, mpishi mlangoni na mwiko wake. Sista aliitikia. Deputi aliitikia kwa sauti nzito kuliko wote, akicheka, mikono juu. Padre akaendelea hivyo hivyo kwa muda, Kiluhya kitupu, akitania habari za obusuma, ugali wetu, na mboga, watu wakajishika mbavu.

Kisha jina la mshindi likatangazwa. Mtu mkubwa wa kaunti alikuwa amekwisha kuinuka nusu, ikabidi ajifanye ananyoosha koti. Msichana akapanda jukwaani na viatu vyake vya kiume. Sista akamkabidhi kombe, lililomficha kuanzia kiunoni hadi kidevuni. Padre akainama.

"Sema neno moja, mwanangu. Hata dogo."

Msichana akaweka kombe chini. Akamtazama Padre, akamgeukia Deputi aliyekuwa ameketi kando. Ndipo nilipoisikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya langoni, na kwa sababu ya kipaza sauti waliisikia hadi barabarani.

"Mwalimu, Padre ameongea Kiluhya."

Deputi alitabasamu bila kuelewa. Msichana akaingiza mkono ndani ya sweta, akavua kamba, akasimama kwa ncha za vidole. Padre, kwa kudhani anatunukiwa shada, akainamisha kichwa chake chenye mvi. Diski ikamkaa kifuani, juu kidogo ya msalaba.

Hakuna mtoto aliyecheka. Wao walijua kilichotokea. Walimu tulijua. Padre peke yake na wazazi ndio hawakujua.

Padre akaiinua diski, akaiweka mbali na macho yake kama wafanyavyo wazee, akasoma. "Nisameheni." Nilidhani amekasirika, kumbe machozi yalikuwa yanamlenga.

"Ndugu zangu," alisema, "nimeongoza misa miaka mingi. Kila siku tunagonga kifua na kusema nimekosa mimi. Lakini sijawahi kuona shule inayowavika watoto wake neno hili shingoni! Mtoto ameuvua unyenyekevu wake akamvisha kasisi wake!" Akamgeukia Deputi. "Mwalimu, wazo hili lilitoka wapi?"

Deputi alisimama.

"Ni... ni utamaduni wa shule, Padre."

"Na mtoto huivaa wakati gani?"

"Wakati wa... kutafakari, Padre."

Umati ukapiga makofi. Sista alikuwa ameganda, ameshika rozari yake kwa mikono yote miwili, na nadhani alikuwa akiitumia kweli. Padre alikula chakula cha mchana diski ikiwa kifuani, ikimwagikiwa mchuzi, na alipoondoka aliondoka nayo. Nani angemwambia airudishe? Na airudishe kwa sababu gani?

Gari lake lilipotoweka, Deputi alitaka msichana anyang'anywe kombe papo hapo. "Amemdhalilisha padre!" Sista akamuuliza, "Padre amelalamika?" Lakini Jumatatu shangazi aliitwa ofisini, nami nikaitwa kama mwalimu wa darasa. Alikuja moja kwa moja kutoka soko, magamba ya omena yaking'aa mikononi.

"Mama," Sista akaanza kwa upole, "mtoto wako ameonyesha kiburi."

"Kiburi gani? Si mlimpa kikombe cha kukosa kiburi?"

"Alimvisha padre diski."

"Diski ni nini?"

Sista akamtazama Deputi. Deputi akatazama dirisha. Nikamweleza mimi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tena ile sehemu ya vyoo, nikairudia.

"Ndiyo maana huyu mtoto hunukanga dawa ya choo," alisema taratibu. "Nilidhani ni sabuni ya shule. Mimi namwambianga nyumbani, salimia watu wakubwa. Kumbe nilikuwa namtuma kuosha choo." Akasimama. "Sista, mimi sikusoma. Lakini Jumapili padre huombanga na Kiluhya, na sisi tunaimbanga na Kiluhya, na wewe unachezanga pale mbele. Mungu huyo wa Jumapili, Jumatatu huendanga wapi?"

Hakungoja jibu, alikuwa ameacha omena juani.

Kombe lilichukuliwa hata hivyo. Tuliambiwa kamati imegundua kwamba mshindi amepungukiwa na unyenyekevu kwa kuongea bila kupangiwa. Likapewa mtoto wa mtu mkubwa wa kaunti, katika hafla ndogo ya faragha iliyopigwa picha nyingi. Kijana mwenyewe, ambaye hana neno, aliniambia kombe hilo baba yake huwaonyesha wageni wote wanaoingia sebuleni.

Lakini Padre naye alikuwa hajamaliza. Alikuwa akizunguka na diski katika shule zake nyingine akiisifu, akiwahimiza walimu wakuu waige. Hilo lingeendelea sijui mpaka lini, kama si kwamba Padre hupenda omena, na anayeuza omena nzuri mjini ni mmoja. Siku aliposimama kwenye meza ya shangazi na kujisifia shule yetu, shangazi alimpimia omena yake, akamfungia vizuri, halafu akamweleza kila kitu mbele ya wateja.

Padre alikuja shuleni siku iliyofuata bila dereva. Hakucheka na mtu. Alifunga mlango wa ofisi, na chai iliyopelekwa ikarudi kama ilivyokwenda. Alipotoka alipita darasani kwangu, akamwita msichana nje, akazungumza naye Kiluhya chini ya dirisha langu. Sikusikia yote. Nilisikia tu akisema kwamba amefunga safari kuja kuosha vile vyoo vyake, kwa maana hata yeye alipatikana na kosa. Msichana akacheka. Wakaenda wote wawili mpaka kule nyuma, na mpishi anaapa kwamba alimwona Padre ameshika fagio.

Wiki hiyo Sista alitangaza kwenye mkutano wa asubuhi kwamba shule imekua kiroho kiasi kwamba haihitaji tena diski. Msichana hakutajwa. Hakuna aliyemwomba radhi, maana neno la kuombea radhi lilikuwa limeondoka na Padre. Muhula uliofuata Sista alialikwa kwenye semina, safari hii kama mtoa mada, awaeleze wenzake jinsi alivyokomesha desturi mbaya ya kuwaadhibu watoto kwa lugha zao. Deputi alimwandalia hotuba.

Niliwahi kumuuliza msichana, tukiwa tunasahihisha insha yake, kama siku ile alijua anachofanya.

"Sheria ni sheria, mwalimu," alinijibu. "Anayeongea anavishwa."

"Lakini wenzako wanaongea kila siku na hukuwavisha."

Akafikiri kidogo, kalamu mdomoni. "Wao ni wadogo. Padre ni mtu mzima. Nilijua yeye anaweza kukataa."

Mama yake alipata nafuu, lakini msichana aliomba kubaki kwa shangazi amalize shule. Ameshaondoka mikononi mwangu sasa, yuko darasa la mbele. Mwalimu wake mpya hunijia kila wiki na malalamiko: msichana huyu anaongea kupita kiasi, anabisha, anaimba wakati wa hesabu, anaigiza sauti ya kila mtu, hata ya Deputi, na anaiigiza vizuri. Ananiuliza nilikuwa namnyamazishaje. Namwambia sijui, alipofika darasani kwangu alikuwa amekwisha kunyamazishwa langoni.